Tani Tisa Zisizo na Kokwa

Moshi haukuwepo. Hilo ndilo jambo la kwanza Neesim aliloliona aliposhuka kwenye guta saa tatu na robo asubuhi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Siku ya kazi, kituo cha Gbanjonyili, kaskazini mwa Ghana, kinachokamua siagi ya kokwa za mti wa shea, hunukia toka barabarani. Leo masufuria makubwa yalikuwa yamefunikwa, majiko yamepoa, na wanawake themanini na wanne wamekaa kwenye kivuli cha ghala, mikono kifuani, wanamtazama.

Aliwasalimu. Waliitikia kwa sauti za watu wanaotimiza wajibu tu.

Hajia Katumi, mwenyekiti wao, mama wa miaka sitini na kitu mwenye mikono iliyolainika kwa siagi ya maisha yake yote, alitoka ofisini akaja kusimama mbele yake.

"Umefika, mwanangu."

"Nimefika, Hajia. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kwema. Hapa ndipo pabaya. Hawa wameambiwa ni wezi, basi wamekaa. Wanauliza mwizi huanza kazi saa ngapi."

"Nani kawaita wezi?"

"Barua yenu. Ilisomwa juzi mbele ya watu wote. Imesema tuna siagi isiyojulikana ilikotoka. Sasa wewe umezaliwa huku huku. Siagi isiyojulikana ilikotoka, hapa kwetu inaitwaje?"

Neesim alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, magoti mabovu, na hiki kilikuwa kituo chake cha tatu ndani ya siku tatu. Alibadilisha bega la kubebea mkoba, maana ndani ya mkoba mlikuwa na jiwe la mizani la kilo kumi, akaomba apelekwe ofisini.

Kazi yake ilikuwa moja kwa miaka tisa. Kila ndoo ya siagi iliyouzwa ng'ambo ilipaswa kuwa na hesabu ya maisha yake: imetumia kokwa kiasi gani, kuni kiasi gani, maji mapipa mangapi, dizeli ya kinu lita ngapi, na kwa hiyo imetoa moshi kiasi gani toka mtini hadi bandarini. Kiwanda cha sabuni kilichonunua siagi hii hakikugusa ndoo bila karatasi hiyo. Vituo vilijaza fomu, ofisi ya Tamale ikakusanya, kompyuta ya Accra ikajumlisha, na Neesim akatumwa kuhakiki pale hesabu ilipokataa.

Ya Gbanjonyili ilikuwa imekataa vibaya. Mwanzoni ilipendeza: kati ya vituo kumi na kimoja, hiki kilitumia kuni chache kuliko vyote, maji machache, moshi kidogo. Wakapewa nafasi ya kwanza. Halafu wiki iliyopita mtu fulani Accra akaweka kokwa upande mmoja na siagi upande wa pili. Kokwa kilo tatu hutoa siagi kilo moja, mikono iwe hodari namna gani. Fomu ya mwaka jana ilionyesha kokwa tani mia moja hamsini na sita. Zilipaswa kutoa siagi tani hamsini na mbili. Noti za lori zilionyesha kituo kimeuza tani sitini na moja.

Tani tisa zilitoka wapi?

Ujumbe wa Bwana Quaye, mkubwa wake, ulikuwa bado kwenye simu: *Faili linafungwa saa kumi jioni. Ukikosa maelezo, andika udanganyifu. Kituo kinaondolewa kwenye orodha.*

"Tuanze na mizani," Neesim alisema.

Mizani ilikuwa ya sahani, imening'inizwa mlangoni mwa ghala. Aliweka jiwe lake. Mshale ukasimama kwenye kumi. Akalitoa, akalirudisha, akamwita mwanamke mmoja mnene akae kwenye sahani akiwa na jiwe mapajani, kisha akae bila jiwe.

"Mnanipima mimi au kokwa?" mwanamke aliuliza.

"Mizani ikiwa mbovu huwa inadanganya kwenye mzigo mzito," Neesim alisema.

"Basi imepata mzigo," sauti ilitoka kwenye kivuli, na wachache wakacheka kabla hawajakumbuka kwamba wamekasirika.

Tofauti ilikuwa kilo kumi kamili. Mizani ilikuwa nzima. Akaandika hivyo, akafuta mstari wa kwanza kwenye orodha yake ya mambo ya kukagua.

Pumaya, mwandishi wa kituo, alikuwa amekaa mezani amenyooka kama mtu aliye mbele ya hakimu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na ndiye pekee pale aliyemaliza sekondari. Mbele yake alikuwa ameweka nakala ya fomu ya mwaka jana, kalamu, na mikono yake miwili.

"Nieleze unavyojaza," Neesim alisema.

"Kokwa zikiingia, napima. Kuni zikiingia, napima. Maji nahesabu mapipa. Naandika pembeni kwenye daftari. Siku ya soko najumlisha kila kilichoingia tangu soko lililopita, naandika mstari mmoja kwenye fomu."

"Namba zote hizi ni zako?"

"Mistari miwili si mkono wangu. Wa kumi na saba na wa thelathini na mmoja. Niliumwa malaria."

Neesim akafungua. Mstari wa kumi na saba na wa thelathini na mmoja, mwandiko ulikuwa wa kulala. Akavaa miwani, akapitia namba taratibu kwa ncha ya kidole. Mtu anayetunga namba hupenda sifuri na tano, na huogopa kuandika namba moja mara mbili mfululizo. Hizi hazikuwa na woga wowote. Kulikuwa na mahali palipoandikwa 3,012, chini yake 3,012 tena.

"Hapa ilitokea kweli?"

"Ilitokea. Hata mimi nilirudia kupima. Siku hiyo kinu kilikuwa kimeharibika, tukakaa tunasubiri fundi."

Neesim akafuta mstari wa pili.

"Madam," Pumaya alisema, "naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Ukiandika udanganyifu, litatajwa jina la nani?"

"La aliyejaza fomu."

"Yaani langu."

"Lako. Na kituo chote kinatoka kwenye orodha."

Pumaya akaitikia kwa kichwa. Alichukua kalamu akaiweka sambamba na ukingo wa meza.

Ulibaki mstari wa tatu wa orodha yake, siagi iliyonunuliwa nje, na huo Neesim hakuupenda. Dereva wa lori la Tamale alikuwa ameleta taarifa: mara kadhaa mwaka jana alipishana na guta la Alhaji Dokurugu likitoka kituoni, limefunikwa turubai. Alhaji Dokurugu alikuwa mfanyabiashara wa siagi pale Savelugu. Pia alikuwa kaka wa Hajia Katumi, tumbo moja.

Akamkuta Hajia nje ya mlango, amesimama karibu mno kwa mtu asiyesikiliza.

"Hajia, guta la Alhaji huja hapa kufanya nini?"

"Kunisalimia."

"Likiwa limefunikwa turubai?"

"Kaka yangu ni mtu wa heshima."

"Hajia."

"Mwanangu, nimekwambia. Hatujanunua siagi ya mtu. Hata kijiko." Lakini macho yake yalikwenda pembeni, kule nyuma ya kituo, kwenye shimo la takataka, kisha yakarudi haraka.

Neesim aliyaona. Akapanda tena guta.

Savelugu ilikuwa nusu saa ya mashimo. Alhaji Dokurugu alikuwa mbele ya ghala lake, kwenye benchi, tasbihi mkononi, redio ndogo sikioni. Akaizima alipomwona.

"Binti yangu! Karibu, karibu. Umekonda. Serikali haikulishi?"

"Sipo serikalini, Alhaji."

"Ndiyo maana."

"Naomba nione siagi yako."

Alhaji alimtazama, akatazama kitambulisho chake, akanyanyuka kwa kusaidiwa na ukuta. Ndani kulikuwa na ndoo kama hamsini. Neesim akafunua ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Yote ilikuwa ya njano, njano ya mzizi ule ambao wauzaji wa sokoni huutia kwenye siagi ili ipendeze. Ile ya kituoni ilikuwa nyeupe ya maziwa, na kiwanda cha sabuni kilikuwa kimeandika kwa herufi kubwa kwamba hakitaki mzizi. Siagi ikishatiwa mzizi hairudi kuwa nyeupe.

"Unayo nyeupe?"

"Nyeupe nitamuuzia nani? Wateja wangu wanapenda rangi."

"Ulishawahi kuwapelekea Gbanjonyili siagi?"

"Nani amesema?"

"Nauliza mimi."

"Niwapelekee siagi watu wanaotengeneza siagi? Wewe ungempelekea nyoka sumu?"

"Guta lako lilionekana pale. Limefunikwa. Mara nyingi."

Alhaji akakaa tena kwenye benchi. Tasbihi ikaanza kwenda haraka kidogo. Neesim hakungoja, alikwenda mwenyewe kwenye guta lililoegeshwa pembeni, akalifunua turubai. Upande wa chini lilikuwa jeusi. Akapitisha kidole, akakinusa. Halikuwa na siagi. Lilinuka kama kokwa zilizoungua, chachu, na matope.

"Makapi," alisema.

Baada ya siagi kukamuliwa hubaki tope jeusi zito. Kwenye fomu lilikuwa na mahali pake: takataka, zinatupwa shimoni.

"Makapi," Alhaji alikubali, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. "Dada yangu ananipa. Nayaanika, nawauzia wachoma mkate, yanawaka kuliko kuni. Wale wanawake wakijua kwamba yana bei, watanikamua mimi badala ya kokwa. Sasa umeshajua. Nifunge."

"Unayachukua lini?"

"Kesho yake baada ya soko. Kila soko, guta moja. Halijawahi kupungua, halijawahi kuzidi."

"Mwaka jana ulichukua maguta mangapi?"

Alhaji alinyoosha tasbihi kuelekea ukutani, nyuma ya mlango. Vijiti vilikuwa vimechorwa kwa mkaa, vimepangwa vitano vitano. Kila penye mwezi mpya palikuwa na alama ya duara na, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma chuo cha Kurani tu, jina la mwezi.

"Toka Januari mpaka Disemba. Hesabu. Mimi naandikia ukutani kwa sababu karatasi wanangu wanafungia karanga."

Neesim akahesabu. Akahesabu tena akianzia mwisho. Vijiti sitini na kimoja.

Fomu ya Pumaya ilikuwa na mistari hamsini na miwili.

Alipiga picha ya ukuta mara nne, akamshukuru Alhaji, akarudi barabarani. Ilikuwa saa saba na nusu na jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa chake kama mdai. Alikaa kwenye ubao wa guta, miguu imening'inia, akayapanga mambo kama yalivyo.

Tofauti ya kwanza ilikuwa tani tisa za siagi, na ya pili maguta tisa ya makapi. Angekuwa mchovu zaidi ya hapo, angesema tisa na tisa zinafanana, ushahidi ndio huo, akaandika udanganyifu na kulala. Lakini siagi inayonunuliwa kwa mtu huja ndani ya ndoo, safi. Haiji na tope lake. Ukinunua tani tisa nje, huwezi kupata guta hata moja la makapi. Penye makapi palisagwa kokwa. Kwa hiyo kokwa za kutoa hizo tani tisa za siagi ziliingia Gbanjonyili, zikapimwa au hazikupimwa, zikasagwa pale pale. Siagi haikuwa na dosari. Kilichopotea kilikuwa karatasi.

"Ongeza mwendo," alimwambia dereva.

"Nikiongeza mwendo, utashuka bila meno."

"Yaliyobaki ni machache. Ongeza."

Pumaya alikuwa bado mezani. Hajia Katumi alikuwa naye, na kwa namna walivyonyamaza ilionekana walikuwa wakinong'ona.

"Nimeona makapi," Neesim alisema.

Hajia akafumba macho. "Ni takataka tu, mwanangu. Ni kaka yangu."

"Hayo utaelewana na wenzako. Mimi yamenifaa. Pumaya, mwaka huu mna fomu mpya?"

"Ipo."

"Lete."

Ililetwa. Neesim akavaa miwani. Leo ilikuwa tarehe ishirini Machi. Akahesabu mistari iliyojazwa: ishirini na miwili.

"Hii uliianza lini?"

"Ile ya kwanza ilipojaa."

"Ilijaa lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, mwanzoni. Ilifika mstari wa hamsini na mbili, chini yake hapakuwa na pa kuandika. Nikaituma na lori, nikachukua nyingine. Juu si kumeandikwa, *fomu moja, mwaka mmoja?* Nikadhani mwaka wenu wa hesabu unaisha hapo. Kila ofisi ina mwaka wake."

"Na ofisini hawakukwambia kitu?"

"Walinipigia simu. Waliniambia asante kwa kuwahi. Walisema vituo vingine vinachelewa mpaka Januari."

Neesim akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Soko la eneo lile huja kila siku ya sita. Haliangalii Jumatatu wala Ijumaa. Watu huoa kwa soko, hulipa kwa soko, humngoja mgeni kwa soko. Siku mia tatu sitini na tano ukizigawa kwa sita unapata masoko sitini na moja. Fomu ilikuwa na mistari ya masoko hamsini na mawili tu, sawa na wiki za mwaka. Mengine tisa, toka Novemba mpaka Disemba, yalikuwa yamekaa kwenye mistari tisa ya kwanza ya fomu ya mwaka huu, yamepimwa vizuri, yameandikwa vizuri, chini ya mwaka usio wao. Siagi ya masoko hayo lakini iliondoka na lori kabla ya mwaka mpya, na noti za lori zina tarehe.

Fomu hiyo, iliyoanza kutumika mwaka jana, haikuwa na safu ya tarehe. Kulikuwa na namba tu, moja mpaka hamsini na mbili.

"Kwa nini hakuna tarehe?" Hajia aliuliza, akichungulia juu ya bega lake.

"Aliyeichora aliona waandishi wengi wanabishana juu ya tarehe. Akaiondoa kurahisisha."

"Aliyeichora ni mjinga."

"Ni mimi, Hajia."

Nje mbuzi alilia. Hajia alitazama fomu, akamtazama Neesim, akavuta kigoda akakaa.

"Lakini wewe ni wa Tamale," alisema taratibu. "Unajua soko."

"Najua."

Neesim akajumlisha ile mistari tisa kwa mkono, kisha kwa simu. Tani ishirini na saba. Akaziongeza kwenye mia moja hamsini na sita. Mia moja themanini na tatu. Akagawa kwa tatu. Sitini na moja. Haikubaki hata kilo ya kusumbua.

Saa tisa na dakika ishirini alimpigia Bwana Quaye. Akaeleza kila kitu kwa mpangilio: mizani, mwandiko, siagi ya njano, makapi, ukuta, fomu. Upande wa pili feni ilikuwa ikilia.

"Safi," Quaye alisema. "Kwa hiyo si wezi. Andika *kosa la mwandishi*, tia sahihi, nifunge faili, twende majumbani."

"Mwandishi hakukosea. Alijaza kila alichopewa. Fomu ndiyo ilikosa mistari."

"Neesim, ni maneno mawili tu. Kosa la mwandishi. Atapewa onyo."

"Akipewa onyo anaondolewa. Kanuni tumeiandika sisi."

Pumaya alikuwa mita moja kutoka hapo, anatazama ukuta.

"Fomu ni ya nani?" Quaye aliuliza, ingawa alijua.

"Yangu."

"Basi kanuni nyingine unaijua pia. Ukiandika kosa ni la fomu, huwezi kulihakiki. Aliyetengeneza fomu hatii sahihi. Ni saa tisa na dakika ishirini na tano. Nimpate wapi mhakiki mwingine? Faili likifika saa kumi bila sahihi, wanawake wako wanatoka kwenye orodha wakiwa hawajaiba chochote. Unataka hivyo?"

"Sahihi itakuwa yako."

"Mimi sijatia mguu hapo."

"Picha za ukuta zinakuja. Noti za lori ziko mezani kwako. Mistari ishirini na miwili nakutumia sasa hivi. Hesabu mwenyewe, usiniamini mimi."

"Nina miaka kumi sijahesabu kokwa."

"Ni kugawa kwa tatu tu, bosi."

Quaye akaguna. Kisha feni ikazimwa, labda ili asikie akili yake. Neesim alituma picha moja moja. Mtandao ulikuwa wa kuburuta. Hajia alikuwa ameshika tama. Saa tisa na dakika arobaini simu ilikuwa bado sikioni, imepata joto, na ndani yake ilisikika kalamu ikikwaruza na mtu akinung'unika namba kwa Kiga, lugha ya watu wa Accra, anakosea, anaanza upya.

"Sitini na moja," Quaye alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Unajua kwamba kuni na maji navyo vinapanda? Masoko tisa ya kuni. Ile nafasi ya kwanza inakwenda na maji."

"Wanakuwa wa ngapi?"

"Subiri." Vibonyezo. "Wa saba. Wako chini ya kikomo cha mnunuzi, lakini kwa unywele."

"Chini ni chini."

"Na wewe msimu huu huhakiki tena. Utakaa Tamale unachora fomu upya. Vituo vingine vyenye fomu hiyo ni vingapi?"

"Vyote. Vinavyojumlisha kwa soko, nadhani vinne."

"Na faili zao zilikuja mapema?"

"Tuliwashukuru kwa kuwahi."

Quaye alitukana polepole, bila nguvu, kama mtu anayekohoa. Saa tisa na dakika hamsini na moja akasema, "Nimetia sahihi. Sababu ya tofauti: fomu. Aliyeichora: jina lako kamili. Limefungwa." Akakata.

Neesim akaiweka simu mezani.

"Mmebaki kwenye orodha," alisema.

Pumaya aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa fomu, akakaa hivyo. Hajia Katumi alimwekea mkono mgongoni, lakini macho yake yalikuwa kwa Neesim.

"Kwa hiyo hatukuiba."

"Hamkuiba."

"Lakini nimesikia neno saba."

"Mmekuwa wa saba."

"Na wa kwanza sasa nani?"

"Sijui bado, Hajia. Wa kwanza nao huenda wakashuka."

Hajia alicheka kwa pua. Kisha akaacha. "Wageni waliokuja kutupiga picha kwa ajili ya ule u-kwanza, walikula kuku wangu wanne. Haya. Kawaambie wale."

"Utawaambia wewe, ni watu wako."

"Mimi nikisema, watadhani nawafunika. Barua yenu ilisomwa mbele ya watu. Na hili lisemwe mbele ya watu, na mdomo wa ofisi ile ile iliyoileta."

Neesim alitoka nje. Kivuli cha ghala kilikuwa kimesogea na wanawake wamesogea nacho, ila mikono ilikuwa bado kifuani. Alitafuta pa kusimama, akaona kusimama hakufai. Akachuchumaa chini, mikono kwenye magoti, kichwa kimeinama, kama mtu anavyofanya akienda kumwomba radhi mkubwa wake.

"Siagi ni yenu," alisema. "Kokwa zipo, zimepimwa, zimeandikwa. Fomu niliichora mimi. Niliweka mistari hamsini na miwili, na mwaka wenu una masoko sitini na moja. Nyinyi hamkukosea, wala Pumaya hakukosea. Nimekosea mimi, na huko Accra imeandikwa hivyo."

Jua lilikuwa shingoni mwake.

"Mama yako ni nani?" iliuliza sauti ya kizee kutoka nyuma.

"Alikuwa muuza dawadawa ya kuungia mchuzi, Tamale."

"Sokoni?"

"Sokoni."

"Na hakukufundisha kuhesabu masoko?"

"Alinifundisha, mama. Kisha akanipeleka shule."

Yule mwanamke mnene wa kwenye mizani alianza kucheka kwa tumbo zima, akampiga mwenzake paja, na kicheko kikapita kivulini mstari kwa mstari mpaka kikafika ukutani.

"Inuka, inuka," Hajia alisema. "Umeshaomba, tumesikia."

Neesim alijaribu. Magoti yalikataa. Wanawake wawili walimshika kwapani wakamvuta juu kama gunia, na wakati anatafuta kiatu chake wengine walikuwa tayari wamefunua masufuria, wameanza kubeba kuni mbio kuelekea majikoni. Siku nzima ilikuwa imepotea na kokwa zilizolowekwa hazikungoja.

Pumaya alitokea mlangoni, kalamu sikioni, macho mekundu.

"Rudisheni!" alipiga kelele. "Rudisheni hizo kuni hapa! Hakuna hata kijiti kitakachoingia motoni bila kupita kwenye mizani!"

Wakamtukana, wakamwita mzungu, wakamwita mke wa Accra. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka na mizigo yao vichwani, wakapanga foleni.